Mgongo wa Jamaa wa Mbali

Jua la alasiri lilikuwa limelainika, moshi wa jiko la kahawa ukipanda taratibu, na Pindo, fundi cherehani, alikaa benchini kama mtu anayeota macho wazi. Miguu yake aliihisi iko mbali naye. Uvimbe ulikuwa umeubana uti wa mgongo, na jioni hiyohiyo alikuwa analazwa. Alikuja kuwaaga wenzake, lakini akajikuta anasema mgonjwa ni jamaa yake wa mbali. Basi! Kijiwe kikapata kazi.

— Wanampasua kwanza, Pindo alieleza. Hawautoi uvimbe wote. Wanaubandua pale unapogusa uti, wanaacha nafasi kati yake na uti. Halafu mashine inarusha chembe ndogondogo kumalizia uliobaki.

— Chembe? Redio, kinyozi, aliguna. Chembe na chembe mkate huwa! Hao wanamwongezea uvimbe.

— Acha uzushi, alisema Mheshimiwa, dereva mstaafu. Chembe hizo ni kama basi langu la zamani. Zinapita vituo vyote hazishushi mtu, zinamwaga abiria wote kituo cha mwisho. Mbele ya hapo hakiguswi kitu.

Pindo aliipenda hiyo. Aliliona basi, taa zote zimewaka, likiteleza kimyakimya ndani ya mgongo wake bila kupiga honi. Akafumba macho kidogo.

— Na vyuma vya kushikilia mgongo? aliuliza Cheche, mchomelea vyuma.

— Si vyuma. Wanaweka vya kaboni, ili chembe zisipotezwe njia.

— Kaboni si makaa? Cheche akaruka. Wamtie makaa mgongoni, halafu wampige moto! Ndiyo maana wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyo anabanikwa!

— Atang'aa, Redio alidakia. Mkewe hatawasha taa tena.

— Na simu za mtaa mzima zitachajiwa kwake!

Wakacheka mpaka benchi likalia. Pindo naye akacheka, huku mgongo ukimkata.

— Lakini pedali ataikanyaga? Pindo aliuliza, kama yuko kwenye cherehani yake.

— Pedali gani?

— Namaanisha... atatembea?

— Atembee tu? Atacheza mpira huyo!

Hapo mkewe Pindo akatokea, begi begani, macho mekundu. Akawaamkia vizuri, kisha akamgeukia mumewe.

— Baba watoto, gari linatungoja. Umeshawaaga wenzako?

Redio alitazama kikombe chake. Mheshimiwa alivua kofia, akaishika tu mikononi. Pindo alijaribu kusimama, mguu wa kushoto ukakataa, na Cheche akawahi kumshika kwapani.

— Kumbe yule jamaa... alisema Cheche, asimalizie.

— Naogopa, jamani, Pindo alisema. Naogopa sana.

Mheshimiwa akalichukua begi kwa shemeji yake bila kuomba. Wakaondoka wote watano polepole, kwa mwendo wa Pindo, na kahawa ikabaki inapoa.