Ndugu Kitwana Mwishehe na Chumba cha Nyuma cha Ghala

Tarehe 30 Juni 1984 Ndugu Kitwana Mwishehe anastaafu, baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka ishirini na miwili. Mhariri wa jarida la wafanyakazi ameniomba wasifu mchangamfu, usiozidi ukurasa mmoja. Nitajitahidi, lakini uchangamfu wenyewe hautafika mbali.

Alijiunga na Kitengo cha Kufuli hapa Kibaha mwaka 1962, akitokea kwao Kisarawe. Kazi yetu wengi huishangaa. Mwenye ghala au ofisi hutupa barua ya ruhusa, nasi mafundi wawili tunajaribu kuingia kwake kama wezi, kisha tunamwambia ni wapi pamelegea. Kwa kazi hiyo Kitwana hakuwa na mwenzake. Sefu iliyowashinda mafundi wa Dar kwa siku mbili, yeye aliifungua kwa kijiti cha mwavuli, tena huku akipiga soga.

Wazee wa kitengo bado wanacheka kisa cha stoo ya ushirika. Mtunza stoo alitia makufuli matatu mlango wa mbele, akaweka kiti na kukaa hapo hapo, akijigamba kwamba leo Kitwana atakoma. Kitwana alizunguka nyuma, akakuta skrubu za bawaba za mlango wa nyuma ziko upande wa nje. Akaung'oa mlango mzima, akaingia, akaenda kubisha hodi mlango wa mbele kutoka ndani, akiomba kwa adabu afunguliwe.

Sasa niseme lile ambalo wasifu wa kawaida ungeliruka. Tulikuwa na desturi moja tuliyoishika kama dini. Mkimaliza kazi, mnafunga kila mlichofungua, mafundi wote wawili mnatia saini karatasi yenye maneno "Tulivyokuta ndivyo tulivyoacha," mnamkabidhi mteja mlango wake, mnashukuru. Vya mteja hatuviulizi. Desturi hiyo ndiyo iliyomponza.

Agosti 1976, asubuhi, Kitwana na fundi mwenzake walikuwa wakijaribu ghala la mteja mmoja mkubwa hapa hapa Kibaha. Nyuma ya magunia ya korosho palikuwa na kijimlango kisichotajwa kwenye barua. Wakakifungua. Ndani kulikuwa na meno ya tembo, yamefungwa maturubai, yamepangwa hadi usawa wa kifua. Kitwana akamwambia mwenzake, "Hili si la mteja tena. Hili ni la serikali."

Maneno hayo yalikuwa sahihi. Ila mikono yake ilikuwa na mazoea ya miaka kumi na minne. Alifunga kijimlango, akatia saini, akakabidhi, akashukuru hata kwa chai. Kisha akaenda moja kwa moja polisi kutoa taarifa, na kutoka huko akaja kumwarifu mkuu wetu wa wakati ule. Polisi walihitaji hati ya upekuzi, ikapatikana kesho yake. Mkuu wetu, kwa heshima zake kwa wateja wakubwa, alikuwa ameshampigia mwenye ghala simu jioni ile ile. Upekuzi ulikuta chumba kimefagiwa, na karatasi yetu iko mezani kwa mteja, ikisema hapakuwa na neno.

Likabaki jambo moja la kumwokoa, nalo ni ushahidi wa yule fundi wa pili. Alipoitwa mbele ya kamati ya shirika iliyosikiliza malalamiko ya mteja, alisema kwamba muda huo alikuwa nje akipaka kitasa grisi, hakuona kitu.

Fundi huyo ni mimi, Fabian Mkude, ambaye leo ni Mkuu wa Kitengo.

Sikutishwa na mtu. Barua ya kunipandisha cheo ilikuwa mezani kwa mkuu, nami nilijua ingeweza kubaki hapo hapo. Kamati ikaandika katika jalada lake kwamba ni mzushi aliyetaka kumchafua mteja, akaondolewa kwenye majaribio na kurudishwa Kisarawe kutia mafuta makufuli ya ofisi. Miaka minane, jamani! Mkewe, Bi Biubwa, alikuwa akisikia neno hilo la mzushi bombani, mbele ya wanawake wenzake. Ndiyo, na ninaona aibu.

Kila mwaka Kitwana aliandika barua moja kuomba neno hilo lifutwe. Tangu niwe Mkuu zimenifikia tano, na zote nilizijibu kwamba suala linashughulikiwa. Ya mwisho imekuja Mei. Ameandika kwamba hataki saa wala redio ya kuagwa, anataka aondoke na jina lake.

Vijana wetu wanakariri Kanuni ya Tisa: ukikuta kitu kilichokatazwa na sheria, usifunge, usitie saini, usimkabidhi mtu mlango wala kumdokezea mteja, mmoja abaki hapo, mwingine aende polisi. Kanuni hiyo ilitungwa mwaka 1977 kutokana na yaliyompata Kitwana. Kwenye kitabu imeandikwa kwamba imetungwa na Uongozi.

Juzi nimeandika maelezo yangu chini ya kiapo na kuyapeleka polisi. Nakala iko katika jalada lake, na nyingine kwa Mkurugenzi pamoja na barua yangu ya kuacha ukuu wa kitengo. Nilikuwa ndani. Niliyaona meno yale kwa macho yangu, nikayashika.

Ndugu Kitwana, kitengo kizima kinakushukuru, na tunakuombea wewe na Bi Biubwa afya na siku za raha huko Kisarawe. Kiti chako kwenye sherehe kipo mbele. Usipokuja, wenzetu watauliza sababu, na mimi ndiye nitakayesimama kuwajibu.