Mfuko wa Uzazi wa Loretta

Nilikuwa kiti cha nyuma ya mama na binti yake tu, kwenye basi hapa Dallas. Sikutega sikio, wao ndio walikuwa na sauti. Binti, Shawna, alizaliwa hana mfuko wa uzazi. Ovari anazo, na mayai yanapevuka kila mwezi, ila hayana pa kukaa. Sasa madaktari wamesema wanaweza kumpandikizia mfuko wa mama yake, Loretta, azae, kisha wautoe.

"Mama, hili si koti la kuniazima," Shawna alisema. "Watakupasua, na umri wako huo!"

"Kwani huo mfuko unanifanyia kazi gani tena? Umekaa tu."

"Na mwili wangu ukiukataa?"

"Wewe ulikaa humo miezi tisa hukulalamika. Ulipiga mateke tu."

Shawna akacheka, halafu akafuta macho. "Ukinifia kwenye meza ya upasuaji, huyo mtoto nitamwambia nini?"

 

Basi likasimama mbele ya hospitali. Loretta akainuka na mkoba wake. Shawna hakuinuka. Mlango ukafungwa, basi likaondoka, na mama akarudi kukaa.

"Haya, tutashuka kituo kijacho," alisema. "Tutarudi kwa miguu, tubishane vizuri."

Waliposhuka, niliwaona dirishani wamesimama kando ya barabara, bado wanabishana, wameshikana mikono.