Samahani, Mheshimiwa

Mungu anisamehe: siku tisa nilikificha kipande cha mwisho cha riwaya ya kijiwe. Nakala tunayo moja tu, kwa hiyo tuliikata vipande vinne, mimi fundi cherehani nikavishona kwa uzi, kila mtu asome chake kisha ampe mwenzake. Nilitaka mwisho niujue peke yangu. Kiburi tu. Juzi nilikirudisha, na jana tulikaa benchini na kahawa yetu: mimi, Fundi Kufuli, na Mzee Redio, tunayemwita hivyo maana hazimiki.

— Huyu mwandishi ana kichwa! akaanza Mzee Redio. Mkubwa wa mji anaagiza mashine ifunge milango yote, watu wasimtoroke. Mambo yanamgeuka, yeye ndiye anataka kutoroka. Anafika mlangoni, mashine inamwambia kwa adabu zote, "Samahani, Mheshimiwa, umeagiza asitoke mtu."

— Hapo nilicheka mpaka mke wangu akadhani naumwa, Fundi Kufuli akasema.

— Ile mashine ilikuwa imemchoka.

— Imchoke wapi, Mzee wangu? nikamwambia. Ilitii tu. Utamu ndio huo, hakuna aliyemsaliti.

— Basi alipanga yule mhandisi aliyeiunda.

— Kesho utasema mlango nao ulikuwa mpinzani!

— Ulikuwa! Tena ndio ulioongoza maandamano!

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Fundi Kufuli akafuta mikono, akatoa mfukoni kitasa kipya.

— Nacheka, kumbe kazi inaningoja. Bosi wa kiwanda cha nguo anataka nikifunge leo kwenye mlango wa chumba cha kushonea. Kinafunguka kwa kidole chake tu, uwe ndani, uwe nje. Anasema mafundi wanatoroka kabla ya saa.

— Teknolojia hiyo! Mzee Redio akasifu.

Dada anayetuuzia kahawa, mgeni wa wiki hii, akasimama na birika mkononi.

— Na moto ukiwaka bosi akiwa safarini?

Fundi Kufuli akakigeuza kitasa, akakigeuza tena. Mimi habari ya kitasa hicho niliisikia tangu wiki iliyopita, nikanyamaza kwa kumwogopa bosi.

— Kaka, nikamwambia, humo ndani tunashona watu kumi na tisa, na mimi nimo. Nakuomba, tuwekee kitasa kinachofunguka kwa ndani.