Dada Sindano Juu ya Meza ya Kukatia

Ndugu waombolezaji, walio nje wasogee, maana familia imenichagua mimi, mdogo wake wa kiume anayemfuata, nisome historia ya dada yetu, na hawakunichagua kwa elimu, shule niliiacha darasa la sita mimi na mwalimu tukiwa tumechokana, wamenichagua kwa sababu sauti yangu haihitaji kipaza sauti, na kwa sababu dada mwenyewe aliagiza hivyo kwa sharti moja, nisiongeze chumvi, akasema kabisa, "Ukidanganya hata kidogo nitaamka nikusahihishe mbele za watu," basi nitasoma huku nikiliangalia jeneza.

Dada Sindano, kama wote tulivyomwita, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkewe, akaanza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza 1970, hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya tatu, akili za nyumba nzima alizibeba yeye, sisi tuliomfuata tukagawana urefu. Alisomea ushonaji miaka miwili, na tarehe 3 Februari 1975 akaajiriwa kiwanda cha nguo, cherehani namba kumi na saba, jirani na dirisha lililokosa kioo, akakaa hapo hadi kustaafu tarehe 31 Desemba 2012, na nusu ya wanaume mlioketi hapa mifuko ya suruali zenu imepita mikononi mwake.

Tarehe 18 Desemba 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi baiskeli, mtu mkimya ambaye hadi leo hatujui alimtongozaje, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume wawili, mwaka 1980 na 1982, na binti yao Kitinda, aliyezaliwa tarehe 6 Mei 1984, yule pale mwenye kitambaa cha bluu, msimkodolee macho, nitamfikia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo dada alipong'aa. Jumanne tarehe 12 Juni 2007 walifika kiwandani muuguzi na daktari wa eksirei kutoka hospitali kubwa, wakawagawia wanawake arobaini na wawili fomu ya mienendo ya maisha, unakunywa pombe kiasi gani, unavuta sigara, unatembea umbali gani, una kilo ngapi, umezaa mara ngapi, halafu wiki inayofuata wapigwe picha ya matiti, kwa kuwa walikuwa wanachunguza kama mienendo hiyo inahusiana na msongamano ndani ya matiti, na huo msongamano si ukubwa wa sidiria, wala ukishika hujui, ni ile nyama ya ndani inayotoka nyeupe kwenye picha, wakati mafuta hutoka meusi.

Dada akaniuliza mimi, "Kwenye pombe niandike nini?" maana kila Jumamosi mchana tulikaa kibarazani kwangu na bia zetu, yeye mbili, mara nyingine tatu, nami mshauri wake mkuu nikamwambia, "Andika hunywi, we unataka kiwanda kizima kijue?" Akaandika hanywi, na kwa kuwa mwandiko wake ndio uliosomeka, wenzake wakaiazima fomu ili wapate mfano, wakainakili yote, mstari kwa mstari, hivyo Jumanne iliyofuata muuguzi akasimama mlangoni akiwa na wanawake arobaini na wawili wasioonja pombe, kila mmoja ana watoto watatu, kila mmoja anatembea kilomita nne, na kila mmoja ana kilo sitini na tatu, akiwemo mpishi wa kantini tuliyempachika jina la Kontena, naye yupo hapa leo, ameketi kwenye viti viwili. "Ninyi ni mapacha?" muuguzi akauliza, na daktari akaanza kufunga mizigo, akisema picha bila ukweli hazina kazi kwake.

Cherehani zote zimezimwa, ndugu zangu, ndipo dada yangu alipovua kandambili, akapanda juu ya meza ya kukatia nguo na kusema, "Mimi ndiye niliyeanza, nakunywa bia mbili kila Jumamosi, mara nyingine tatu, na aliyenifundisha kudanganya ni mdogo wangu, mnamjua," jina langu likavuma kiwanda kizima siku ile, na Kontena naye akajitokeza, "Basi na mimi andika mia moja na nne, ila usitangaze," watu wakaangua kicheko, foleni ya fomu mpya ikafika hadi stoo.

Picha yake ikaonyesha msongamano mkubwa, daktari akamwambia kwamba kutafuta uvimbe humo ni kutafuta uzi mweupe kwenye pamba nyeupe, fundi wetu akaelewa hapo hapo, akapelekwa kwenye ultrasaundi, kipimo kinachoona ndani kwa mawimbi ya sauti, na kweli, kulikuwa na uvimbe wa saratani mdogo kama kifungo cha shati. Alifanyiwa upasuaji tarehe 8 Agosti 2007, akatibiwa, akapona, na daktari hakumdanganya kwamba bia ndiyo iliyouleta, alisema pombe wanaishuku, ila kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kuapa, hata hivyo dada akaacha, na mimi nikaacha pamoja naye, wiki tatu.

Tukajaliwa kuwa naye miaka kumi na sita na miezi kumi, na muda wote huo aliwahimiza wanawake wa mtaa mzima kwenda kupima, isipokuwa mmoja aliyemshinda, Kitinda, ambaye daktari alisema aanze mapema kwa sababu ya mama yake, na miaka minne jibu lilikuwa lile lile, "Niko bize, mama." Januari 2024 moyo wa dada ulianza kuchoka, akalazwa wodi namba tano, kitanda cha dirishani, na kila nikiingia hakuuliza dawa, aliuliza, "Kitinda ameenda?" nami niliyewahi kumshawishi askari wa trafiki anisaidie kusukuma gari, kwa huyu nilishindwa.

Jumatano tarehe 5 Juni Kitinda akaingia wodini, ametoka kupigwa picha, mkononi ana nakala ya fomu aliyoijaza mwenyewe, mama yake akavaa miwani na kuikagua kama anayekagua mshono, akafika kwenye pombe, akasoma kwa sauti, "Kila Jumamosi, bia mbili, mara nyingine tatu, nyumbani kwa mjomba." Dada akanitazama, mimi nikaitazama dripu, naye akacheka hadi muuguzi akaja mbio, kisha dada akamshika binti yake mkono, na tangu siku hiyo hakuuliza tena. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwa maradhi ya moyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, muuguzi wa zile fomu, ambaye amestaafu lakini amekuja, majirani kwa maturubai na viti, na wanawake wa kiwandani waliojaa mstari wa mbele. Majibu ya Kitinda yanatoka keshokutwa Alhamisi saa tatu asubuhi, hatuyajui, ila haendi peke yake, ninakwenda naye, na Kontena ameshasema watakuja wote.

Dada, nimemaliza, sikuongeza kitu, kilo za Kontena tu nimepunguza, na jeneza nimelitazama mwanzo hadi mwisho, halijatikisika. Basi pumzika, dada yangu, pumzika kwa amani yako yote.