Mstari Mweupe Mlangoni kwa Otha

Kwenye Kata ya Tano, Houston, kuna benchi la kanisa limeegeshwa kando ya nguzo ya kituo cha basi, mbele kabisa ya uzio wa Otha Fontenot. Juu ya benchi hilo kila asubuhi wanakaa watu wenye akili kuliko ofisi zote za jiji ukizichanganya na Dallas nzima. Otha mwenyewe wanamwita Breki, maana aliendesha lori la zege miaka thelathini na moja na anaapa breki hakuwahi kuigusa. Lonzo ni Meya: hajashindwa uchaguzi hata mmoja, kwa sababu hajawahi kugombea. Cephus ni Injinia, alisomea upimaji wa ardhi wiki mbili, akagombana na mwalimu kuhusu umbo la dunia, akaondoka na kofia ya chuo. Kahawa inatoka kwa Bi Verlene wa nyumba ya pili, kahawa nzito mpaka kijiko kinasimama wima na kukupigia saluti. Basi likija wanalipungia mkono lipite. Madereva wameshawazoea, wanapiga honi ya salamu na kwenda zao.

Jumanne hiyo Otha alifungua mlango akakuta kigingi chenye utepe wa rangi ya waridi kimechomekwa kando ya geti lake. Chini, kwenye saruji, mtu alikuwa amepiga rangi mstari mweupe ulioanzia kwenye benchi, ukapinda pembe nne, halafu mshale ukaelekea moja kwa moja barazani kwake. Alikuwa na miaka minane walipokuja kuchomeka vigingi kwa bibi yake. Kabla mwaka haujaisha, barabara kuu ilikuwa inapita pale palipokuwa jiko la bibi, na bibi alikuwa kwenye chumba cha kupanga upande wa pili wa jiji, hamjui jirani hata mmoja.

Hakumwambia mtu. Alipakia cherehani ya marehemu mama yake kwenye pikapu, kisha akaja kukaa na wenzake kama kawaida.

— Breki, cherehani hiyo inaenda wapi? — Lonzo akauliza.

— Kwa fundi.

— Na ile picha ya mama pale kiti cha mbele, umeifunga na mkanda kabisa, nayo inaenda kwa fundi?

Otha akapiga funda la kahawa. Ikamuunguza mpaka unyayoni, akajifanya iko poa.

Cephus alikuwa ameshapiga magoti, pua inakaribia kugusa saruji.

— Hii rangi ya serikali, — akatangaza. — Rangi ya mtaani inanuka petroli. Hii inanuka kikao.

— Si nimewaambia? — Lonzo akadakia. — Wanapanua barabara kuu. Njia ishirini na sita.

— Ishirini na sita zipo kule magharibi siku nyingi, na foleni ni ileile. Hizi zitakuwa arobaini, Meya. Ukitaka kuvuka ukamsalimie shangazi yako, unafungasha chakula cha siku mbili.

— Njia arobaini za kwenda wapi? — akauliza Bi Verlene, anamimina.

— Dallas, — Lonzo akasema bila hata kupepesa. — We jiji hili hulijui? Halina mlima wa kulizuia, halina bahari upande ule, kila mwaka linatambaa kama maji ya mafuriko. Wameona wamalize kazi. Dallas inakuwa Kata ya Saba, na meya wa Dallas anakuja kuomba ruhusa kwangu.

— Acha zako! — Cephus akasimama, magoti yakalia kama mlango wa zamani. — Angalieni mshale. Umenyooka, hauna kona. Barabara gani haina kona? Huo ni uwanja wa roketi. Wale jamaa wa anga wamebanwa kule waliko, wanatafuta sehemu ya kukimbilia kabla ya kupaa. Breki, utalala Jumatatu, utaamka Jumanne baraza lako liko mwezini.

— Huko mwezini kuna kiyoyozi? — Bi Verlene akauliza. — Maana mwenzenu Agosti siwezi.

Wakacheka wote isipokuwa Otha. Lonzo naye, akikohoa kahawa, akasema kama ni roketi basi yeye ndiye atakayekata utepe, na ataukata na meno.

— Hebu nyamazeni! — Otha akafoka. — Nina miaka sitini na tisa. Mtaa mwingine nitauanzia wapi? Nitamsalimia nani asubuhi? Walipokuja kwa bibi, watu walikuwa wamekaa hivihivi, wanapiga soga, wanacheka. Kulikuwa na mkutano wa wananchi. Hakwenda hata mmoja.

— Mimi nimekwenda wa mwezi uliopita, — Lonzo akasema taratibu.

— Ulikwenda kula nyama ya kuchoma, — Bi Verlene akamwambia.

— Nilikula kwa niaba ya kata nzima! Nyie mlitaka nani ale?

— Na walisema nini, Meya? — Otha akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka. — Walisema nini kuhusu mtaa huu?

— Walisema mbavu zimebaki chache, tupange foleni, — Lonzo akajibu.

Hapo hapo gari jeupe la kazi likasimama. Akashuka dada mmoja mfupi, kizibao cha njano, kofia ngumu, ubao wa karatasi kwapani na kopo la rangi mkononi. Otha aliliona lile kopo, akaruka. Mtu wa miaka sitini na tisa, mwenye goti moja la chuma, aliruka kama kijana wa mpira wa kikapu, akatua mbele ya geti lake, mikono ameitanua.

— Sitoki!

— Shikamoo, mzee. Naitwa Quyen, natoka shirika la mabasi. Hutoki wapi?

— Kwenye nyumba yangu!

— Kwani nani kakwambia utoke?

— Huo mstari! Huo mshale unakuja mpaka mlangoni!

Quyen akautazama mshale, akamtazama Otha, akaweka kopo chini kama mtu anayemtuliza mbwa.

— Mzee, huo mshale ni wa maji. Mvua ikinyesha maji yanaelekea kwako, kwa hiyo tunachimba mfereji yasiingie barazani. Huo mstari ndio mwisho wa kibanda. Nyumba yako hatuigusi hata rangi.

— Kibanda gani?

— Cha kituo. Chenye paa, taa na feni.

Otha akashusha mikono. Ilishuka polepole, mmoja baada ya mwingine, kama hajaamini kwamba inaruhusiwa. Kisha akashika uzio wake, akaanza kucheka, akacheka mpaka vigingi vya uzio vikaanza kucheka naye, na machozi yakamtoka mbele ya watu bila kuyafuta. Bi Verlene akaja akamshika bega.

— Nilijua, — Lonzo akasema. — Niliwaambia pale kwenye nyama, leteni kibanda.

— Hebu tulia, — Cephus akamkata. — Dada, vituo vyote vya kata hii ni nguzo tupu. Imekuwaje sisi?

— Hesabu, — Quyen akajibu. — Mwenzetu amepita kila kituo wiki mbili anahesabu abiria. Kwingine anakuta mmoja, kwingine hakuna. Hapa akipita saa mbili, anakuta watu wanne wanasubiri. Akirudi saa tano, ni walewale wanne. Ameandika kwamba jiji zima hakuna abiria wanaoteseka kama nyinyi. Mkubwa wetu alisoma ripoti kikaoni, mtu mmoja akaomba maji.

Cephus alivua kofia ya chuo, kwa heshima ya mateso yao.

— Tunavumilia tu, — Lonzo akasema kwa sauti ya mgonjwa.

— Poleni sana. Limebaki swali moja nijaze, kazi ianze Alhamisi. — Quyen akachomoa kalamu. — Kila siku mnakaa hapa mnasubiri basi. Huwa mnakwenda wapi?

Lonzo akaanza kukagua viatu vyake. Cephus akatazama juu, kana kwamba jibu litapita na ndege. Bi Verlene akapata kazi ghafla na mfuniko wa birika.

Otha peke yake alikuwa na jibu. Lilikuwa limemjaa mdomoni, tamu kuliko kitu chochote alichowahi kuonja tangu jiko la bibi: hatuendi popote. Angelipiga kelele likasikika Dallas. Lakini kalamu ya Quyen ilikuwa imesimama juu ya karatasi, inasubiri, basi akalishusha na kahawa iliyobaki, akatabasamu, akanyamaza na wenzake.