Papa Edmond Cikuru na Watoto Aliowarudisha

Mapadri wetu, wazee, mama na papa mliokuja kutusindikiza: siku chache kabla ya kutuacha, Papa Edmond alisema, "Musinisomee maisha ya mutakatifu. Museme na ile ya bale batoto." Mama amekubali. Mimi Jeanine, mtoto wake wa kwanza, nasoma kwa niaba ya familia.

Edmond Cikuru alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 huko Walungu, katika nyumba ya wakulima wa migomba. Alibatizwa wiki hiyo hiyo, kwa sababu alikuwa mdogo sana na hakuna aliyedhani angeishi.

Alisoma shule ya msingi ya misioni palepale Walungu, kisha akaenda sekondari Bukavu. Mwaka 1967 vita ya mamluki ilipoingia mjini, wanafunzi walitawanyika. Yeye alivuka mto Ruzizi hadi Rwanda, akapokelewa na familia asiyoijua. Mama wa nyumba ile aliwaambia majirani, "Huyu ni mutoto wangu," na basi maswali yakaisha. Mji ulipotulia alirudi darasani, akapata diploma mwaka 1971.

Alifika Goma mwaka 1973, akawa karani katika depo ya mfanyabiashara mmoja wa kahawa, mpaka vita ya 1998 ilipoifunga. Baadaye aliuza saruji na misumari mtaani Birere. Waliofanya kazi naye wanakumbuka mwandiko wake mzuri, na jinsi alivyokataa kabisa kula chakula kilichopoa.

Mke wake, Julie Kanyere, ni binti wa Butembo ambaye baba yake alikuwa akileta maharagwe Goma. Papa alipokwenda kujitambulisha kwao, alijifunza salamu za Kinande njiani, ndani ya lori. Alifika asubuhi jua limeshapanda, akamsalimia mkwewe kwa maneno ya kuagana wakati wa kulala. Muzee akamjibu, "Na wewe ulale salama, mwanangu, lakini kula kwanza." Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977, wakajenga hapa Goma, mtaa wa Majengo, wakapata watoto wanne. Kila jioni tulisali rozari, na Papa ndiye aliyeongoza.

Sasa ile ya wale watoto.

Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Goma, na kipindupindu kikawafuata. Siku moja Mama alitoka kutafuta maji, akarudi na watoto wawili: Nyiramahirwe, miaka saba, na mdogo wake Harelimana, miaka mitatu. Walikuwa wamekaa kando ya barabara karibu na mwili wa mama yao.

Papa akauliza, "Aba batoto ni ba nani?"

"Mama yabo amekufa," Mama akasema. "Habana mutu."

"Julie, ugonjwa uko kila pahali. Betu bane tutabaficha wapi?"

"Wewe ulipokimbia, kule ng'ambo ya Ruzizi, walikuuliza hivyo?"

Papa akazima taa. Asubuhi alimbeba Harelimana mgongoni, akamshika dada yake mkono, akawapeleka kwenye kituo cha watoto wasio na wazazi, upande wa Mugunga.

Jioni alianza rozari kama kawaida. Mama hakuitikia. Hakugombana naye. Alimpikia, alimfulia, alimwekea maji ya kuoga. Lakini sala ilipoanza, alinyamaza. Papa aliendelea hivyo siku nyingi, mpaka jioni moja sauti ikamkatika katikati ya Baba Yetu. Kesho yake alirudi kituoni.

Nyiramahirwe alikuwepo. Harelimana alikuwa ameshazikwa pamoja na watoto wengine, na hakuna aliyeweza kumwonyesha Papa mahali. Alirudi na msichana peke yake, akasimama mbele ya Mama akasema, "Nimechelewa."

Aliungama kwa Padri Constant. Padri alimwambia, "Mungu amekusikia. Sasa zungumza na mutoto." Hilo Papa hakuliweza.

Alifanya aliyoyaweza. Alimwandikisha Nyiramahirwe shuleni kwa jina lake mwenyewe, Cikuru. Novemba 1996 vita ilipofika mjini, wenye silaha walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta wakimbizi. Mmoja alimtazama msichana, akauliza ni wa nani.

"Ni wangu," Papa akasema.

"Hafanani na wewe."

"Anafanana na mama yake."

Mama akamvuta ubavuni mwake, akasema kwamba uchungu wa kumzaa aliusikia yeye. Wale watu wakaondoka. Nyiramahirwe alimwuliza Mama kwa nini Papa alidanganya. Mama akamjibu, "Hakudanganya."

Mwaka 2008 Nyiramahirwe aliolewa na Nsanzimana, mwalimu wa kijiji cha Kalengera. Papa alimsindikiza hadi altareni akilia, na wageni wakadhani ni furaha tu.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2009, ukachukua macho yake, kisha nguvu za miguu. Julai 2012 vita ilifika Kalengera. Nyiramahirwe alikimbia na watoto wake watatu, wakafika Majengo na godoro moja. Papa alikuwa hainuki tena bila kusaidiwa, lakini aliposikia sauti yake alijishika ukutani, akaenda mwenyewe kufungua mlango.

Siku chache baadaye Nyiramahirwe alikuwa akimkanda miguu, Mama ameketi pembeni. Papa akasema, "Mutoto wangu, ule mudogo wako, mimi ndiye nilimuua."

Nyiramahirwe hakuacha kukanda. Akasema, "Papa, alianza kuhara tukiwa huku kwenu. Nilificha, nikiogopa mutatufukuza. Pengine angekufa tu. Lakini angekufia mikononi mwa Mama."

"Ndiyo," Papa akasema.

Nyiramahirwe alimaliza mguu mmoja, akashika wa pili. Tangu siku hiyo hakukubali mtu mwingine amlishe Papa wala amchome sindano zake. Mama anasema Papa alianza tena kupata usingizi.

Alifariki tarehe 9 Machi 2013, saa nane mchana, nyumbani, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Mama alikuwa upande mmoja wa kitanda, Nyiramahirwe upande mwingine.

Anaacha mjane, Mama Julie Kanyere, na wajukuu kumi na mmoja. Kuhusu watoto, jana tulipokuwa tukiandika maneno haya, mdogo wangu Samy aliuliza tuseme wangapi. Nyiramahirwe ndiye aliyejibu: "Sita. Mumoja alitangulia."

Kwa hiyo anaacha Jeanine, Samy, Florent, Nyiramahirwe na Domitille, na anamfuata Harelimana. Bwana ampokee Papa Edmond, ampumzishe kwa amani, na amwonyeshe alipo mtoto yule.