Anselmo Dumaran na Mashine Iliyotoka Sandukuni

Marehemu Anselmo Dumaran alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Agbanog, kisiwani Panay, mtoto wa tatu wa Mzee Fortunato na Bi. Salud. Alisoma hapa hapa, ingawa akili yake yote ilikuwa kwenye bendi ya kanisa. Akiwa darasa la sita alikabidhiwa tuba, tarumbeta kubwa kuliko yeye, na hakuliachia tena. Siku za kawaida alichomelea mageti.

Tarehe 2 Mei 1987 alimwoa Rosenda. Kesho yake bibi harusi alimuuliza mkwewe, "Mama, mwanao anakoroma au anafanya mazoezi ya bendi?" Watu walicheka miaka na miaka. Mkoromo ulipokatika ghafla, kisha Anselmo akashtuka akitweta, ni Rosenda peke yake aliyeogopa. Wengine walisema mpuliza tuba hawezi kuishiwa pumzi. Upuuzi mtupu!

Mwaka 2021 miguu ilivimba, moyo ukaonekana umechoka. Daktari Catubig alimpima akiwa usingizini, akaeleza kwamba ubongo ulikuwa ukisahau kumvutisha pumzi. Alimpa dawa, akamkataza kabisa mashine za kupumulia zinazojipangia zenyewe nguvu ya hewa, kwani kwa moyo dhaifu kama wake zimeonekana kuongeza vifo.

Desemba 2022 likaja sanduku la dada yake Milagros, anayetunza wazee Kanada. Chini ya sabuni na nyama za kopo ilikuwemo mashine ya aina ile ile. Na kitu cha sandukuni hakikataliwi: unakivaa, unapigwa picha, aliyekituma anatumiwa.

"Daktari kasema nini, Anselmo?" Rosenda alifoka.

"Sasa nimwambie nini dada? Kajinyima kwa ajili yangu."

"Mwambie huitaki!"

"Acha wee! Watasema naringa."

Ndugu wakamwambia Rosenda aache roho mbaya, eti anamwonea wifi yake wivu. Anselmo akawa analala na barakoa ya mashine ile usoni. Alifariki nayo alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2023. Daktari hakusema kwa hakika kwamba mashine ndiyo iliyomuua. Onyo alikuwa ameshalitoa.

Haikutosha. Juzi mkeshani, watu wakicheza karata kando ya jeneza, mdogo wa marehemu, Rogelio, ambaye miguu yake nayo inajaa maji, alisema, "Shemeji, ile mashine ya kaka si imekaa bure? Nipe mimi."

"Thubutu! Mmoja kafa kwa kuona haya, mnataka na wa pili? Siitoi!"

Milagros, aliyekuwa ametua siku hiyo, akaangua kilio. "Wifi, mimi nilitaka apumue."

"Najua, wifi yangu. Ungeniuliza."

Marehemu ameacha mjane, Rosenda, watoto, Delfin na Perpetua, wajukuu wanne, dada yake Milagros, na mdogo wake Rogelio, ambaye amenuna mpaka sasa. Tukitoka makaburini Rosenda anampeleka kwa Daktari Catubig, apende asipende.

Mungu ampe Anselmo pumziko la amani. Na katika ukoo huu asife tena mtu kwa kuogopa kumwambia ndugu yake "hapana."